Makorokoro hayapungui? Tafuta chanzo kabla masika hayajaingia

Mwishoni mwa Februari huku kwetu pwani, kaskazi inapoanza kulegea na mawingu kujikusanya jioni, zimebaki wiki chache tu za jua la uhakika. Masika ni Machi hadi Mei, na yakishaingia hakuna godoro litakaloanikwa wala kabati litakalovutwa nje likapigwa na hewa. Ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani hupunguza vitu vya ndani baridi inapoisha na madirisha kuanza kufunguliwa. Sisi saa yetu ni hii, kabla ya mvua.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani Tanga, na nyumba ya fundi inajaa haraka kuliko nyingine. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikipunguza makorokoro kwa robo saa kila siku. Robo saa yangu ni ile ya wali: maji yakishakauka, makaa yakapaliwa juu ya mfuniko, hapo nina muda ambao zamani niliupoteza nikiwa nimesimama mlangoni. Walionijia kuomba ushauri wengi walianza kwa kujilaumu kuwa wavivu. Sijakutana na mvivu hata mmoja kati yao. Nimekutana na watu wanaotibu kila rundo kwa dawa moja, yaani kutupa, wakati rundo la nguo lina chanzo chake na rundo la makaratasi lina chake. Basi tuchukue dalili moja moja.

Unatoa kila kitu Jumamosi, usiku unalala juu ya rundo

Kabati la milango mitatu lina maamuzi mengi kuliko saa za siku moja. Mkono hauchoki kuinua gauni; kinachochoka ni kichwa, kwa sababu kila gauni linauliza: unanivaa? nikienda wapi? nani alikupa? Ikifika adhuhuri huwezi kujibu tena, magharibi inaingia, watoto wanataka kulala, unasukuma kila kitu ndani na kufunga mlango kwa goti. Wiki ijayo hutaki hata kulitazama.

Kanuni yangu: usitoe kitu ambacho huwezi kukirudisha kabla wali haujaiva. Droo moja, au nusu ya uchaga, au mkoba mmoja. Natandika kanga kuukuu sakafuni na kuimwagia droo nzima juu yake. Vinavyobaki navirudisha kwanza, vinavyotoka vinaingia kwenye mfuko, na visivyoamulika vinakaa pale katikati. Muda ukiisha nakamata pembe nne za kanga, nafunga fundo, naandika tarehe kwenye kipande cha karatasi na kukibana kwa pini. Furushi hilo linakaa mwezi mmoja. Likifunguliwa mwezi ujao, vitu vingi unavishangaa, hukumbuki kwamba ulikuwa navyo, na hapo uamuzi unakuwa mwepesi.

Anza na droo ya vijiko. Haina majonzi ndani yake. Anayeanza na sanduku la marehemu mama yake siku ya kwanza hafiki siku ya pili.

Chumba kimepangwa asubuhi, jioni kiti kimejaa nguo tena

Hii ndiyo dalili ninayoulizwa kuliko zote, na watu huikemea wakidhani ni tabia mbaya ya mume au ya binti. Tazama kwa makini nguo zilizo juu ya kile kiti. Si chafu, maana zingekuwa kwenye tenga. Si safi, maana zingekunjwa kabatini. Ni nguo iliyovaliwa mara moja kwenda kwenye kikao au dukani, na itavaliwa tena kesho. Nyumba nyingi zina mahali pa nguo safi na mahali pa nguo chafu, ila hazina mahali pa hizi za katikati, kwa hiyo zinajichagulia kiti.

Kuondoa kiti hakusaidii. Zitahamia ukingo wa kitanda. Piga misumari au vibanio vya mbao nyuma ya mlango, vitatu kwa kila mtu wa chumba hicho, visizidi. Vikijaa vyote vitatu, moja inaenda kwenye tenga la kufuliwa kabla ya nyingine kutundikwa. Nilipofanya hivyo kwangu kiti kilibaki wazi, na wanangu sasa wanakikalia kufanyia kazi za shule.

Dalili hii inanifundisha kupita kabati zima. Kila unapoona rundo linalojirudia mahali palepale, jiulize hicho kitu kinangojea nini. Funguo juu ya friji zinangojea msumari karibu na mlango. Viatu vya kanisani au vya madrasa katikati ya ukumbi vinangojea uchaga mfupi. Dakika tano za nyundo zinaondoa miezi ya ugomvi.

Ukifungua kabati linanuka uvundo

Unyevu umeingia na hauna pa kutokea. Mara nyingi kabati limegusa ukuta wa nje, ule unaopigwa na mvua, na nguo zimebanwa mpaka mkono haupiti. Ukungu unataka vitu vitatu tu: unyevu, hewa iliyolala, na chakula, na pamba, ngozi, karatasi na mbao vyote kwake ni chakula. Ndiyo maana viatu vya ngozi na mikanda huwa vya kwanza kuota utandu wa kijivu.

Siku ya kwanza vuta kabati kutoka ukutani, nafasi ya kiganja. Siku ya pili toa theluthi ya nguo zilizo juu, uanike juani zile unazobaki nazo. Siku zinazofuata uchaga mmoja mmoja: futa kwa kitambaa chenye maji ya siki, acha mlango wazi mpaka mbao zikauke kabisa, ndipo urudishe. Ukitumia jiki badala ya siki ni sawa ukutani, lakini usichanganye viwili hivyo kamwe, hata kwenye ndoo moja kwa zamu bila kuisuuza. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayochoma macho na mapafu, na chumba kidogo hakina pa kuipeleka.

Udi na marashi sivipingi hata kidogo, nafukiza kila Alhamisi jioni. Ila ukifukiza kabati lenye ukungu unaficha dalili na ugonjwa unaendelea kula.

Mende hawaishi, na maboksi yanaliwa kutokea chini

Chanzo ni maboksi yenyewe. Karatasi ile ina vijia vya mawimbi katikati, vyembamba, vya giza, vyenye joto, na mende wadogo wa jikoni huvipenda kuliko kabati lolote. Jike mmoja hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40. Unapuliza dawa sakafuni, nao wamo ndani ya boksi la hotipoti ulilopewa kwenye harusi na ambalo hujalifungua. Chini ya boksi hilohilo, likiwa limekaa juu ya saruji, mchwa wanajenga njia yao ya udongo. Mvua zikianza ndipo unaona kitako cha boksi kimebaki vumbi.

Kila siku fungua boksi moja. Kilicho ndani kikibaki, kiingie kwenye ndoo au beseni lenye mfuniko. Boksi lenyewe litoke nje ya nyumba siku hiyohiyo, lisilale hata barazani. Ndoo za rangi zilizooshwa vizuri zinafaa kwa vitu visivyoliwa. Baada ya wiki mbili ndipo dawa ya mende itafanya kazi, kwa sababu hawatakuwa na pa kujificha.

Mbu wanauma mchana, wakati huna hata dimbwi

Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana hii inahusu uhai. Mbu anayeuma asubuhi na alasiri, mwenye madoa meupe miguuni, ni Aedes, ndiye anayebeba homa ya dengue. Dar es Salaam ilipata milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2014 na tena 2019. Mbu huyu hahitaji dimbwi. Anatosheka na kopo la siagi nyuma ya choo, sahani iliyo chini ya chungu cha maua, tairi kuukuu, sinki lililong'olewa likaegemezwa ukutani, kifuniko cha dumu kilichopinduka. Hayo ndiyo makorokoro ya nje ambayo tukipunguza vitu vya ndani tunayahamishia uani na kujiona tumemaliza.

Mayai yake anayabandika kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji. Chombo kikikauka, mayai hubaki hai kwa miezi, na mvua ya kwanza ikijaza kopo yanaanguliwa. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku saba hadi kumi. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi: sugua ukuta wa ndani wa chombo kwa brashi, kisha kipindue au kitoke. Zunguka uani mara moja kwa wiki, siku ileile kila wiki, na mtoto mmoja akihesabu vyombo. Wangu tuliyemaliza naye duru ya kwanza alihesabu 19, na uani kwetu ni hatua kumi na mbili tu.

Nusu ya vitu si vyako

Chini ya kitanda changu palikuwa na begi la safari la shemeji yangu. Alihamia Mwanza kikazi akaliacha "kwa wiki mbili". Likakaa miaka sita. Sikulitupa kwa sababu ni amana, na sikulifungua kwa sababu si langu, kwa hiyo kila siku nilifagia kulizunguka. Nyumba zetu nyingi ziko hivi: cherehani ya shangazi, magodoro ya mpangaji aliyehama, sufuria za shughuli ambazo hakuna anayekumbuka ni za nani.

Chanzo ni kuogopa kuuliza, maana kumwambia ndugu achukue mzigo wake kunasikika kama kumfukuza. Njia iliyonisaidia ni kuanza na salamu na habari za nyumbani, kisha kumwonyesha. Nilimpigia kwa video jioni moja, nikaliweka begi juu ya mkeka, nikatoa kimoja kimoja.

"Shemeji, na hii suruali je?"

"Hiyo mpe kijana yeyote, shemeji."

Deki ya kuchezea sidii, kijana yeyote. Madaftari ya chuo, choma. Kisha ikatoka bahasha ya kaki iliyolainika kwa unyevu, na ndani yake vyeti vyake vya kidato cha nne, vimeota madoa ya ukungu pembeni. Alikuwa akivitafuta mwaka mzima. Alinyamaza kwenye simu, nami nikaona haya kwamba vilikuwa hatua mbili kutoka kichwani pangu nikilala. Vyeti vilisafiri na basi kesho yake. Tangu siku hiyo siamini kwamba kunyamaza ni kutunza amana.

Kwa mizigo mingine, mpe mwenyewe muda unaofahamika: mpaka mfungo uishe, mpaka shule zifunguliwe. Asipoweza kuja, muulize umpe nani. Usiuze wala kugawa bila kauli yake, hata kama unaona ni takataka.

Za marehemu ni jambo jingine. Hizo hazipunguzwi na mtu mmoja kwa robo saa. Zingojee wahusika wa mirathi wakae, na mjane amalize eda yake kwa amani. Kazi yako katika kipindi hicho ni kuzilinda na maji na mchwa tu.

Huwezi kutoa kanga hata moja

Fungua sanduku la mwanamke yeyote wa pwani utaona doti zilizokatwa na ambazo hazijakatwa, za sare ya harusi hii, za msiba ule, za mtoto wa fulani alipotiwa hina. Kila moja ina jina lake na ina mtu wake. Ninayo moja ya mama yangu ambayo pindo limelegea na neno la mwisho la jina limefutika kwa kufuliwa. Hiyo haitoki, wala sitaki kuambiwa itoke. Wanaofundisha kwamba kila usichokivaa mwaka mmoja utupe hawajawahi kurithi kanga.

Lakini kanga 60 si kumbukumbu 60. Tenga mfuko mmoja wa zile ambazo ukizigusa unamwona mtu. Zilizobaki zina kazi inayozingoja. Mama mjamzito anapotayarisha begi la kwenda kujifungua hutakiwa kwenda na kanga kadhaa safi, za kujifunga, za kutandika na za kumpokelea mtoto, na si kila mmoja anazo. Kanga ya pamba iliyofuliwa ikalainika inafaa ngozi ya kichanga kuliko mpya yenye dawa ya kiwandani. Mimi nazifua, nazianika juani, nazipiga pasi ya moto pande zote mbili, nazikunja nne nne. Nikisikia binti wa mtaa amefikisha miezi saba, furushi linamfikia kabla hajaomba.

Vitenge vya sare, vile ambavyo ulishonewa gauni la kuvaa siku moja, mpelekee fundi avifumue. Gauni refu linatoa sketi ya mtoto na foronya mbili. Na mimi niliyeweka vipande vya vitambaa magunia matatu nikisema vitafaa, niliamua hivi: kipande kisichofika urefu wa mkono kinakwenda kwa anayetengeneza vitanga vya kushikia sufuria. Yaliyobaki ni gunia moja, na sasa najua kilichomo.

"Nitapeleka kwa fundi"

Feni, redio, pasi, friji iliyogeuzwa kabati la unga. Kinachovizuia kutoka ni matumaini, na matumaini yasiyo na tarehe hayapungui. Wiki hii uliza bei ya matengenezo ya kimoja tu. Ikiwa huna pesa hizo mpaka mwezi ujao uishe, muuzie mnunuzi wa chuma chakavu anayepita na mkokoteni. Friji bovu likibaki uani hata siku moja, ng'oa mlango: mtoto akijifungia ndani hewa humwishia, na baadhi ya friji za zamani hufunguka kwa nje tu.

Simu za zamani zichunguze mgongo. Betri iliyovimba usiitoboe, usiichome moto, usiiache droo moja na vitambaa. Iweke ndani ya kopo la bati lenye mchanga, mbali na jiko, ukaiulizie kwa fundi wa simu.

Mambo madogo yanayokwenda haraka

Vyombo vya plastiki: toa vyote, kila chombo na kifuniko chake. Kisicho na mwenzake kinatoka leo. Mifuko: tangu ile ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, mifuko mbadala imekuwa rundo jipya nyuma ya mlango, saba inatosha nyumba yoyote. Dawa zilizopita muda usizimwage chooni. Mwenye duka la dawa akikubali, mpelekee. Asipokubali, changanya na majani ya chai yaliyotumika, funga vizuri, ndipo utupe, mtoto asije akaziokota.

Makaratasi yanahitaji bahasha tatu tu: ya kudumu, kama hati ya kiwanja, vyeti vya kuzaliwa na vya shule, ya mwaka huu, kama ada na kodi, na ya wiki hii. Stakabadhi ya umeme ambao umeshauingiza kwenye mita na kuutumia haina haja ya bahasha. Risiti za mashine ambazo unazihitaji kwa dhamana ya kifaa, zitoe kopi mapema, kwa kuwa zimechorwa kwa joto, hazina wino, na kabati la moto huzifuta zikawa karatasi tupu.

Vimeshatengwa lakini bado vipo ukumbini

Mfuko wa kutoa umekaa karibu na mlango tangu Januari, na watoto wameshaanza kuchomoa vitu. Uliuandalia kila kitu isipokuwa anayekwenda nao. Andika juu ya mfuko jina la mtu mmoja na siku moja. "Vitu vya maskini" si anwani. "Kwa mama mwenye mapacha, Ijumaa baada ya sala" ni anwani. Na toa kile ambacho wewe mwenyewe ungepokea kwa mikono miwili. Kilichochanika, chenye zipu mbovu, kikae kwenye matambara.

Mwenzako anarudisha unachotoa

Pengine ulianza na vitu vyake. Wiki ya kwanza na ya pili gusa vyako tu, mbele ya macho yake, bila hotuba. Kwa mtoto, mpe beseni moja la vitu vyake na umwachie achague vya kubaki. Mzee wa nyumbani usimwondolee kitu akiwa amelala. Atakitafuta, na akishaanza kukutilia shaka ataficha hata vibovu.

Mvua imeanza na hujafika nusu

Acha kuchambua. Robo saa zote za wiki hiyo zielekeze kwenye kuinua: magodoro, magunia na masanduku yapande juu ya matofali mawili mawili, kabati livutwe kutoka ukuta unaolia maji, bahasha ya kudumu iingie kwenye ndoo yenye mfuniko na ndoo ipande juu ya kabati. Uani, pindua kila chombo. Furushi la kanga lenye tarehe liache lilivyo, ila lisikae sakafuni. Mvua ikipumzika siku moja na jua likatoka, fungua milango yote ya kabati kuanzia saa nne hadi saa tisa, kisha uendelee na uchaga ulioishia.